Kitalu cha Mpunga, Kitalu cha Uwindaji

Ukitamka neno kitalu hapa Mngeta, katika Bonde la Kilombero, mkulima anaona miche ya mpunga: tuta dogo lililosawazishwa, kijani kibichi, likisubiri siku ya kung'oa na kupandikiza majarubani. Ukilitamka mbele ya askari wa wanyamapori, anaona kitu kingine kabisa: kipande cha pori chenye mipaka kwenye ramani, kilichokodishwa kwa kampuni ya uwindaji wa kitalii, na mgawo wake wa nyati, viboko na sheshe kwa mwaka. Vitalu hivi viwili vimegombea ardhi ileile kwa miaka mingi, kati ya safu ya Udzungwa na Mto Kilombero. Mjadala wetu kuhusu uwindaji umekwama kwa sababu tunakitazama kitalu kimoja na kukisahau cha pili.

Mtazame sheshe. Ni ndugu wa kuro, mdogo wake kwa umbo, rangi ya dhahabu iliyoiva, na dume peke yake ndiye mwenye pembe. Waliohesabu kwa ndege miaka ya 1990 walikadiria kwamba takriban robo tatu ya sheshe wote duniani waliishi katika bonde hili. Kiangazi hushuka hadi kandokando ya mto, kwenye nyasi changa zinazochipua maji yanapopungua. Masika, mto ukifurika, husogea pembezoni, kwenye kiinuko kidogo ambako miombo huanzia. Na pembezoni hapo ndipo tulipolima. Hapo ndipo ng'ombe waliposwagwa kwa maelfu. Dume aliyenusurika risasi ya Septemba anakosa pa kukanyaga ifikapo Aprili.

Ndiyo maana siwezi kuungana na wanaosema kwamba sheshe wamepungua kwa sababu ya mtalii mwenye bunduki. Uwindaji wenye kibali, ukifuatwa ulivyoandikwa, huangusha madume machache yaliyokwisha kuzalisha. Kwa simba sheria yetu ya Tanzania inataka dume aliyetimiza miaka sita, na chui jike hapigwi. Kundi linaweza kuhimili pengo la namna hiyo. Haliwezi kuhimili kupotea kwa mahali pa kukimbilia wakati wa mafuriko. Faida ya kweli ya kitalu cha uwindaji, kinapofanya kazi, ni kuwa na mtu anayelipia ardhi ibaki pori, mahali ambapo mtalii wa kamera hafiki kwa sababu ya matope, mbung'o na barabara mbovu.

Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba tangu mwaka 1977 wanyama wakubwa wa mbugani nchini humo walipungua kwa takriban asilimia 68. Sisemi marufuku ndiyo iliyowamaliza. Mifugo, uzio na wingi wa watu vilifanya kazi hiyo. Ila marufuku haikuwaokoa.

Lakini mtetezi wa uwindaji asishangilie bado. Pori la Akiba la Selous lilikuwa na vitalu vya uwindaji karibu kila upande, na bado tembo wake walioonekana kufikia laki moja na kumi elfu mwaka 1976 walibaki kama elfu 13 ilipofika mwaka 2013. Mwaka uliofuata UNESCO ikaliweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Selous ilikuwa imewahi kupumua: kuanzia mwaka 1994 nusu ya mapato yake ilibaki porini, kulipa askari, mafuta ya magari na doria. Utaratibu huo ulipolegea, doria zikalegea nazo, na majangili wakaingia. Fedha ya uwindaji isiporudi ilikotoka, hailindi kitu.

Na ikirudi, inarudi kwa nani? Hapo ndipo Mngeta inapoumia. Asilimia 25 ya ada za wanyama waliowindwa ilipangiwa halmashauri za wilaya. Kutoka halmashauri hadi kitongoji ni safari ndefu. Anayelala shambani kufukuza viboko, akipiga debe usiku kucha, anajua fedha nyingine, ile iitwayo kifuta jasho. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi 100,000 kwa ekari kwa shamba lililo mbali zaidi na mpaka wa hifadhi, na 25,000 kwa lililo karibu, mwisho ekari tano. Aliye karibu zaidi na mnyama alipangiwa kidogo zaidi. Najua hoja ya kanuni hizo, kwamba watu wasivutwe kulima mpakani, lakini wapo waliozaliwa hapo kabla mpaka haujasogea.

Tusisahau pia kwamba uwindaji hapa haukuletwa na ndege ya kukodi. Wandamba, wenyeji wa hapa, waliwinda tembo na viboko katika bonde hili, na mwaka 1926 afisa wa kikoloni, Hodgson, alichapisha maelezo juu ya desturi zao za uwindaji, na dawa zao. Kulikuwa na taratibu, na kulikuwa na mafundi waliozisimamia. Tangu amri ya uwindaji ya mwaka 1896 ya gavana Mjerumani, Wissmann, sheria za vibali zilimgeuza fundi huyo polepole kuwa jangili nyumbani kwake. Tukizungumza leo juu ya uwindaji unaodhibitiwa, yafaa tukumbuke kwamba udhibiti ulikuwepo, na wenyeji ndio waliopokonywa.

Mwishoni mwa mwaka 2012 mifugo iliondolewa bondeni kwa operesheni, na makovu yake bado yapo. Mwaka 2023 Pori Tengefu la Kilombero likapandishwa hadhi kuwa Pori la Akiba, ambako kulima na kuishi hakuruhusiwi ila uwindaji wa kibali unaruhusiwa. Mantiki yake naielewa, kwani Mto Kilombero ndio unaoupa Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake, na Bwawa la Nyerere linayategemea. Lakini mkulima aliyeambiwa aache jaruba lake, kisha akaona gari la wawindaji likipita pale pale, hawezi kupewa ramani tu kama jibu.

Mimi ningeuacha uwindaji uendelee Kilombero, kwa sharti moja ambalo halihitaji sheria mpya. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu kusomewa mapato na matumizi. Taarifa ya kitalu cha uwindaji isomwe hapo hapo, kwa Kiswahili, mbele ya watu: sheshe wangapi wamehesabiwa, madume mangapi yamepigwa, kampuni imelipa shilingi ngapi, na ngapi kati ya hizo zimefika Mngeta.