Bweni Halimfundishi Mtoto Kupenda

Samaki mmoja akioza wote wameoza: ndivyo wanavyodai Wakenya wengi inapogunduliwa kwamba mwanafunzi anampenda mwenzake wa jinsia yake. Wanaamini mapenzi hayo aliyapata bwenini, na asipoondolewa haraka atawaambukiza wengine. Mwishoni mwa mwaka 2021 imani hiyo ilipata msemaji mkubwa. Marehemu Profesa George Magoha, wakati huo Waziri wa Elimu, alisema watoto wa namna hiyo wasikae shule za bweni, waende za kutwa karibu na kwao. Januari 2022 wapo walioandamana Nairobi kumpinga, lakini waliomuunga mkono hawakuwa haba.

Tuifuate hoja hiyo tuone inatufikisha wapi. Kama bweni ndilo linaloambukiza, la kufungwa ni bweni, si mtoto. Kama mtoto ndiye anayeambukiza, mbona tunampeleka shule nyingine yenye mamia ya watoto, kisha jioni arudi kulala nyumba moja na wadogo zake? Tena nchi hii imelelewa mabwenini tangu enzi za mkoloni. Mawaziri, maaskofu na majaji walilala humo, na wengi wao wakatoka wakaoa na kuolewa bila tatizo.

Aliyepita sekondari anajua penzi la kwanza linavyokuja. Unajikuta umekariri ratiba ya mtu kuliko ya masomo, na akikaa meza ya jirani bwaloni, githeri haishuki. Msichana wa kidato cha pili akimpenda mvulana wa shule jirani aliyemwona kwenye tamasha la muziki, wenzake watamtania wiki nzima. Mwalimu akinasa barua atafoka, ataadhibu, yataisha. Anayempenda msichana wa darasani mwake anapitia yaleyale, ila hana wa kumwambia.

Wala tusidanganyane kwamba watoto hawa wanajitangaza. Wengi hutangazwa. Barua inadondoka kutoka kwenye daftari, kiranja anaifikisha ofisini, kufikia gwaride la asubuhi shule nzima inajua. Mzazi anaitwa aje aelezwe na naibu wa mwalimu mkuu jambo ambalo mwanawe alikuwa bado hajathubutu kujikiria mwenyewe.

Nitaambiwa sheria inakataza. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, tulivyorithi kwa Mwingereza na ambavyo Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta Mei 2019, vinaadhibu matendo. Hakuna kifungu kinachomwadhibu mtoto kwa kupenda. Kinyume chake, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza mwanafunzi kuteswa au kudhalilishwa, kimwili au kisaikolojia. Kumwanika mtoto gwarideni ni nini kama si hilo?

Linaloniudhi kuliko yote ni uovu wa kweli unaopata maficho katika imani hii. Mabwenini wapo wanafunzi wakubwa wanaowalazimisha wadogo. Huo ni unyanyasaji, na Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 ipo kwa ajili yake, mtendaji na mtendwa wawe wa jinsia yoyote. Lakini shule isiyotofautisha barua ya mapenzi na shambulio inamziba mdomo aliyeumizwa. Anajua akisema naye ataitwa shoga, atafungishwa sanduku na kurudishwa kwao. Basi ananyamaza, na aliyemuumiza anaendelea kuwa kiranja. Ukitaka kujua nani ananufaika na hofu yetu ya maambukizi, ni huyo.

Walimu wakuu, barua ya namna hiyo ikifika mezani penu, ulizeni kwanza kama kuna aliyelazimishwa. Akiwapo, mlindeni na mpige ripoti polisi. Asipokuwapo, mrudisheni mtoto darasani, na barua isitoke ofisini.