Sista, nywila yako iko kwenye plasta

Juzi nililala wodini nikimuuguza mtu wetu, katika hospitali moja ya huku kwetu. Sitaitaja. Kazi yangu ni kuandika programu, kwa hivyo macho yalienda kwenye kompyuta kabla ya kuiona dripu. Ubavuni mwa skrini palibandikwa plasta, ile ya kidonda, na juu yake jina na nywila. Zamu nzima iliingia kwa nywila hiyo moja.

Najua wenzangu watasema nini: manesi hawajali usalama. Mimi nasema kosa ni letu sisi tunaounda mifumo.

Hebu tupige hesabu. Tuseme sista anaingia kwenye mfumo mara 40 kwa zamu, na kila mara anapoteza sekunde 30 akiandika nywila yenye herufi kubwa, namba na alama. Hizo ni dakika 20, na mgonjwa anamwita. Kisha mfumo unamlazimisha aibadilishe kila mwezi! Mwongozo wa awali wa NIST ya Marekani ulisaidia kueneza desturi hiyo. Mwaka 2017 NIST hao hao walisema iachwe. Habari hizo hazijafika kwetu?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Lakini kinachoniuma zaidi ni hiki: mgonjwa akipewa dawa mara mbili usiku, rekodi itaonyesha jina la mwenye plasta. Pengine alikuwa kwake amelala. Ndiye atakayeitwa kujieleza.

Basi tufanyeje? Alama za vidole? Sista amevaa glavu, na akizivua mikono ina maji au dawa ya kuulia viini. Namba ya siri kwa SMS? Simu iko kwenye mkoba, na netiweki ina siku zake.

Jibu tunalo mfukoni tangu 2007. M-Pesa inatumia tarakimu nne tu, na inafanya kazi kwa sababu lazima uwe na laini yako mkononi. Kitu ulicho nacho, pamoja na kitu unachokijua. Mpe sista kadi. Mwanzo wa zamu aiguse kwenye kisomaji na kuandika namba yake fupi. Baada ya hapo agusishe kadi tu, na skrini imrudishe pale pale alipoachia. Akiondoka, ijifunge. Yote haya yanaweza kuendeshwa na seva ya hapo hapo hospitalini, hata intaneti ikipotea. Na mifumo tunayo ya kuanzia: OpenMRS ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006, na KenyaEMR imejengwa juu yake. Ni programu huria, tunaweza kuibadilisha wenyewe.

Utaniuliza, je, akiazima mwenzake kadi? Inawezekana. Lakini aliyeazima kadi anabaki bila kadi, na zamu yake itakwama. Aliyeazima nywila hapungukiwi na chochote. Kadi ikipotea, inafungwa siku hiyo hiyo. Nywila ikivuja, nani atajua?

Wenzangu waandishi wa programu, kabla ya kuongeza sharti jingine la nywila, nendeni mkakae wodini usiku mmoja. Plasta ile ni ripoti ya hitilafu. Sista ameshaiandika, kazi yetu ni kuisoma.