Kicheko cha Homer na Dhana Juu ya Jirani

Mchezo wa katuni wa Kimarekani uitwao "The Simpsons" ulianza mwaka 1989, na watoto wetu waujua kuliko tudhaniavyo. Wazee aghalabu huupa mgongo, wakiuhesabu kuwa ni upuuzi mtupu. Lakini katika hikaya zake nyingi imo moja inayotugusa sisi Waislamu wa mwambao, nayo yastahiki kutiwa mizanini: jema lake lisemwe, na kasoro yake isifichwe. Hikaya hiyo, "Mypods and Boomsticks", ilionyeshwa kwanza tarehe 30 Novemba 2008.

Kisa chenyewe ni hiki. Kijana Bart, wa mji wa kubuni wa Springfield, apata rafiki mpya, Bashir, ambaye jamaa zake wametoka Jordan. Baba yake Bart, Homer, ampenda mtoto huyo kwa adabu zake njema. Kisha Homer aenda zake kilabuni, na huko walevi wenziwe wamjaza maneno kwamba Mwislamu ni mtu wa kuogopwa. Basi awaalika wazazi wa Bashir kwa chakula, si kwa ukarimu bali kwa kuwapeleleza, na wageni waondoka wamevunjiwa heshima. Baadaye amwona Amid, babake Bashir, ameshika baruti. Kumbe kazi yake ni kubomoa majengo makuukuu! Homer hasikii la mtu. Akimbilia penye ubomoaji, aitwaa baruti na kuitupa mtoni, na daraja zima laruka hewani.

Jema la kwanza la hikaya hii ni kwamba mchekwaji ni mwenye dhana, wala si mdhaniwa. Sisi tuliolelewa kwa visa vya Abunuwasi twajua kwamba kichekesho ni silaha, na la kuuliza ni silaha hiyo yamwelekea nani. Hapa yamwelekea Homer. Tena mtunzi aonyesha chuki ilikozaliwa. Homer alimpenda mtoto kwa kumwona kwa macho yake. Alimchukia baba kwa kusikia kwa masikio yake. Hilo ni funzo kubwa. Na katika kisa kizima, aliyelipua kisichofaa kulipuliwa si Mwislamu, ni yule aliyekuwa akimchunga Mwislamu.

Jema la pili ni Mina, mamake Bashir. Sauti yake ni ya Shohreh Aghdashloo, mwigizaji mzaliwa wa Iran. Mama huyu hakuumbwa mnyonge wa kuonewa huruma. Atukanwapo mezani, huinuka na heshima yake akaenda zake.

Sasa tuzitaje kasoro. Ya kwanza ni baruti yenyewe. Kazi zote duniani, mtunzi hakuona nyingine ya kumpa Mwislamu ila hiyo? Twafahamu kuwa ndipo ulipo mzaha. Lakini maneno ya kumtakasa husahauliwa upesi, na picha ya Mwislamu na baruti mkononi hubaki machoni.

Ya pili, Homer aota ndoto, na ndotoni atokewa na jini la Aladdin, lile la sinema ya mwaka 1992. Sinema hiyo ililalamikiwa na Waarabu wa Marekani hata maneno ya wimbo wake wa mwanzo yakabadilishwa mwaka 1993. Kumcheka mwenye dhana kwa kuazima picha zile zile zilizomzalia dhana ni kutaka kuzima moto kwa mafuta ya taa.

Ya tatu, Mwislamu hapa ni mgeni tu, Mwarabu aliyetoka mbali. Ilhali Malcolm X alizaliwa Omaha, na Muhammad Ali alizaliwa Louisville. Uislamu ni mwenyeji wa Marekani wa tangu zamani, na mchezo huu wamfanya abishe hodi.

Ya nne, nusu ya hikaya yapotea kwa dada yake Bart, Lisa, na deni lake la nyimbo za mashine. Mambo ya jirani yakamalizwa mbio mbio: Homer afanya karamu ya kuomba radhi, watu wacheka, basi. Aliyetuhumiwa bure ajua kwamba doa halitoki kwa sahani moja ya pilau.

Na sisi hapa tulijua. Baada ya mabomu ya Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, na ya Kikambala tarehe 28 Novemba 2002, kofia na buibui zilitazamwa kwa jicho jengine. Samaki mmoja alioza, tukaambiwa tenga zima lanuka.

Lakini insafu yataka tuulize la pili. Anapohamia mtaani mtu wa bara, barazani husemwaje juu yake kabla hajasalimiwa? Suratul Hujurat imekataza dhana na kupelelezana, wala haikuwapa ruhusa wenyeji wa pwani. Homer yuko Springfield, na Homer yuko Mombasa pia.

Kwa hiyo hatusemi mchezo huu ufungiwe, wala hatusemi umetutosha. Mzazi na akae na mwanawe autazame, kisha wauzungumze. Na vijana wetu wenye kuchora na kutunga wasingoje Mmarekani awasimulie jirani zao. Ubongo Kids ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2014, imeonyesha kwamba katuni zaweza kusema Kiswahili na zikapendwa. Hadithi ya Bashir wa Kisauni au wa Lamu, mwenye kuchekesha na kuchekwa kama watoto wengine, yangojea mwenyewe. Tukinyamaza, tutaendelea kusimuliwa, na msimulizi atatuchagulia kazi aitakayo yeye.