Nguo ya Baridi Hununuliwa kwa Masikio

Wasee, kabla hujaendelea, fanya kitu kimoja. Shika mkono wa jaketi uliyovaa, uusugue karibu na sikio. Umeskia nini? Kama imelia kama pakiti ya krispi, hii stori ni yako.

Inaanzia mbali, Minnesota, kule juu Marekani. Binamu yangu anaishi huko, anafanya kazi ya kutunza wazee usiku, na mwaka jana majamaa wa kazini wakamwingiza kwa mambo ya kuwinda kulungu kwa upinde. Na ni kitu halali huko, una leseni, una msimu. Msimu wa upinde Minnesota huanza katikati ya Septemba na kuisha tarehe 31 Desemba. Ukienda mwishoni mwishoni, unakaa juu ya mti kwa baridi inayogandisha maji kwa chupa. Sisi Julai ya Nairobi tu tunalia.

Desemba alinipigia akiwa na sauti ya mtu ametoka matangani. Alikuwa amekaa juu ya mti masaa manne. Jioni kulungu akatokea, mita kama 25. Binamu akainua upinde, akaanza kuvuta, jaketi ikalia: krrr. Kulungu akasimama. Masikio juu, mwili umekaza. Binamu angeacha hapo. Hakuacha. Akaachilia mshale, mnyama akainama kuruka, na mshale ukampata nyuma ya mbavu, pale ambapo hafi haraka. Walifuata damu na tochi mpaka saa tano usiku. Hawakumpata.

"Cuzo," akaniambia, "yule mnyama ameenda kufia mahali peke yake, pole pole. Na ni juu ya jaketi."

Mi nilimwambia ukweli. Si juu ya jaketi. Ni juu ya venye uliinunua.

Sasa utauliza mi ni nani. Mwindaji si mi. Hata nikitaka siwezi, Kenya ilipiga uwindaji marufuku mwaka wa 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haichezi na mtu. Lakini jaketi nazijua. Nilipotoka chuo mwaka wa pili, karo ilikataa na hiyo tuiwache hapo, niliuza jaketi Gikomba mwaka na nusu. Tulikuwa tunafungua bale saa kumi na moja asubuhi, tunatoa kamera upande huu, fagia upande ule.

Mathe aliyeniajiri alikuwa na style yake. Jaketi ikitoka kwa bale, haangalii rangi kwanza. Anaikunja, anasugua, anaskiza. Nailoni ngumu inayolia, hiyo anawekea watu wa boda, kwa sababu inazuia upepo na pikipiki ina kelele yake tayari. Laini isiyolia, anawekea akina mama wanaobeba watoto mgongoni. Alikuwa ananiambia, "Jaketi ya kelele inaamsha mtoto." Na soja wa usiku pia alikuwa anamchagulia ile laini, kwa sababu soja anayeskia nguo zake mwenyewe hawezi kuskia mwizi.

Huyo mama hajawahi kukanyaga msitu wa Minnesota, na angemvalisha binamu yangu vizuri kushinda hiyo duka alienda.

Maoni yangu ni haya, na nitayasimamia: kwa mtu wa upinde, nguo ni sehemu ya silaha. Kama hujaijaribu nguo yako vile umejaribu mshale wako, huna haki ya kumlenga mnyama. Mwenye bunduki anaweza kuwa mita mia mbili, nguo ilie vile inataka. Wa upinde lazima akaribie, wengi hawapigi zaidi ya mita 30 au 35. Hapo mnyama anaskia kila kitu.

Tupige hesabu kidogo. Upinde mzuri wa kisasa unatuma mshale kama mita 90 kwa sekunde. Sauti inaenda kama mita 340 kwa sekunde. Kwa mita 25, mlio wa upinde unamfikia kulungu kabla ya mshale, na anabaki na kama moja ya tano ya sekunde ya kusonga. Kama alikuwa ametulia anakula, hiyo nafasi mara nyingi ni ndogo sana kwake. Kama nguo yako ilikuwa imeshamwambia kuna kitu, miguu yake iko tayari. Hicho ndicho kilimpata binamu. Upinde haukuwa na shida. Jaketi ilikuwa imepiga simu mapema.

Na hapo ndio nakosana na biashara ya hizi nguo. Wanauza picha. Majani, matawi, magome ya miti, yamechapishwa juu ya nailoni ngumu kama karatasi ya simiti. Realtree na Mossy Oak, hayo majina makubwa ya michoro ya msitu, yote yalianza 1986. Kabla ya hapo watu hawakuwa wanawinda? Kampuni ya Woolrich ya Pennsylvania ilianza 1830, na makoti ya wawindaji waliyoyavaa vizazi na vizazi yalikuwa ya sufu, miraba nyekundu na nyeusi. Nyekundu! Na walirudi na nyama nyumbani.

Sababu ni kwamba macho ya kulungu si kama yetu. Nyekundu na rangi ya machungwa haioni vizuri, kwake ni kitu kimefifia tu. Buluu ndio anaiona sana. Na zile sabuni za kufanya nguo ing'are zinaacha kemikali inayomulika kwa mwanga ambao sisi hatuoni lakini yeye anauona. Kwa hivyo unaweza kulipa pesa mingi ya jaketi ya majani, uioshe na sabuni ya kung'arisha, uvae na jinzi ya buluu, halafu ujiambie umejificha. Buda, umejitangaza.

Basi mtu avae nini? Nitasema vile nilimwambia binamu.

Ya kwanza, ile inagusa ngozi isiwe pamba. Hiyo hudi yako ya pamba ni tamu mtaani, lakini pamba inakunywa jasho na kukaa nayo. Ukikaa tuli, hayo maji yanakunyonya joto mpaka mifupa. Vaa sufu laini ya merino au poliesta ya michezo. Sufu ina hii siri, hata ikipata unyevu bado inakupa joto, na haishiki harufu haraka.

Ya pili, usivae kila kitu ukitembea. Hapa ndio wengi wanajimaliza. Mtu anafunga jaketi mpaka shingoni, anatembea nusu saa kwa theluji akibeba mzigo, anafika mtini akiwa amelowa jasho. Akikaa tu, jasho linageuka barafu ya mgongoni. Tembea ukiskia baridi kidogo. Jaketi kubwa iwe kwa begi, uivae ukifika.

Ya tatu, nje iwe laini. Flisi nzito, sufu nzito, kitambaa chenye manyoya manyoya. Shida ya flisi ni moja, upepo unapita kama dirisha halina kioo. Dawa yake si kuvaa plastiki juu. Ficha kile kizuia-upepo katikati, flisi chini na flisi juu, kelele inabaki imefunikwa. Na kwa baridi kali kabisa theluji ni kavu, unaipangusa tu kama unga. Jaketi ya kuzuia mvua iwekee siku ya mvua.

Ya nne, na hii ilimuokolea binamu pesa: ile jaketi ya kelele haikuwa ya kutupwa. Kama una ile iliyovimba yenye manyoya ya bata ndani, ivae ndani, halafu juu yake flisi kubwa ya mitumba. Bora zaidi iwe haina mikono, kwa sababu kamba ya upinde inapita karibu sana na mkono na kifua. Mkono wa nguo ukivimba, kamba inaugusa na mshale unaenda njia yake. Funga mkono wa nguo na kile kingio cha mkono, ubane vizuri.

Ya tano ni vitu vidogo. Boshori lazima. Glavu nyembamba za kuvutia upinde, halafu mikono inakaa kwa mfuko wenye joto mpaka dakika ya mwisho. Soksi moja nzuri ya sufu, usipange tatu, ukikaza buti damu haipiti na vidole ndio vitaganda kwanza. Toa velkro yote unayoweza, hiyo ni honi. Funguo na simu zisigongane mfukoni. Na mkanda wa usalama wa kukufunga kwa mti unakaa juu ya hizo nguo zote, kwa hivyo jaribu nao pia, kwa sababu unabana pahali hukutarajia.

Halafu mtihani. Vaa kila kitu, nyumbani, usiku, TV imezimwa. Kaa kwa kiti. Inua upinde, vuta mpaka mwisho, shusha. Mtu akae chumba hicho hicho amefunga macho. Akiweza kusema saa ngapi ulivuta, rudi dukani. Huo mtihani ni bure na hakuna duka linakufanyia.

Binamu aliufanya na mkewe. Alifeli mara mbili. Mara ya tatu mke akamuuliza, "Si uanze sasa?" na jamaa alikuwa ashavuta na kushusha.

Najua kuna mse ashaanza: wewe wa Eastlands, kulungu wa Minnesota wanakuhusu aje? Wananihusu hivi. Julai niliingia Aberdare na mabeshte kurekodi. Tulitoka mapema, ukungu umeshuka, baridi ya kuuma meno. Mbawala dume akatoka kwa mianzi, pengine mita 20, mzuri ajabu. Nikainua kamera. Jaketi yangu, mi niliyeuza jaketi mwaka na nusu, ikalia krrr. Video niko nayo mpaka leo: sekunde mbili za matako ya mbawala na mimi nikitusi. Nilikuwa nimevaa ile inatoka poa kwa picha. Kwa hivyo nikimkaripia binamu, najikaripia pia. Tofauti ni kwamba kosa langu liliharibu video, lake liliacha mnyama na jeraha.

Na tusijifanye haya mambo ni ya Wazungu. Waogiek wa Mau waliishi kwa msitu wa baridi kweli kweli, wakiwinda na kurina asali, na walijua kushona ngozi za perere kuwa joho. Fikiria hiyo nguo: manyoya laini, joto, na haina pahali pa kulia. Hakuna mtu aliwauzia picha ya majani. Hao ndio watu waliofukuzwa Mau kwa jina la kulinda msitu, mpaka Mahakama ya Afrika pale Arusha ikasema mwaka wa 2017 kwamba haki zao zilivunjwa, na 2022 ikaamuru walipwe fidia. Tunatafuta ujuzi wa baridi kwa matangazo ya Marekani na wenye kuujua tumewafanya wageni kwao.

Onyo moja kabla niwaachilie. Hizo jaketi za wawindaji wa Marekani zinafika Gikomba, na ziko na joto mbaya. Lakini sheria yetu hairuhusu raia kuvaa sare za jeshi, na ukisimamishwa usiku na jaketi ya madoadoa ya kijani, usitarajie afisa atakaa akusikize ukimweleza tofauti ya mwindaji na mwanajeshi. Nunua ya rangi moja, kahawia au kijivu. Mnyama hajali. Wewe utalala kwako.

Binamu hajawinda tena tangu hiyo siku. Anasema atarudi Septemba, au hatarudi, bado anafikiria. Mi sikumsukuma. Nilimwambia tu akirudi, aende na ile nguo mkewe hakuiskia, na mnyama akikaza masikio, ashushe upinde aende nyumbani bila kitu. Kurudi mikono mitupu si aibu.

Na wewe, wikendi ukienda Gikomba au Toi kutafuta jaketi ya baridi, usianze na kioo. Kunja, sugua, skiza. Muuzaji akikushangaa, jua huyo hajafunzwa na Mathe.