Nunua Fimbo ya Faibaglasi, Uwaache Wacheke

Nimeandika mwongozo wa kuchagua fimbo ya bei nafuu ya kuvulia trauti mara kumi na moja. Nimeuandika kwa Kiingereza, chini ya majina ya watu wengine, nikilipwa kwa idadi ya maneno. Wateja wangu wako Marekani. Wanataka maneno elfu mbili kufikia asubuhi, wanataka fimbo saba kwenye orodha, kila moja na nyota zake. Hizo nyota nilizigawa mimi, nikiwa nimekalia kitanda kwenye chumba changu cha kupanga hapa Nyeri, na hadi mwaka jana sikuwa nimeshika hata fimbo moja kati ya hizo.

Ndio hivyo. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imeisha kabla ya hamu, na kazi niliyopata ni hii. Sijivunii, lakini pia silii. Kinachonikera ni kwamba uongo wenyewe ulikuwa na kanuni yake. Mteja hulipwa kamisheni kila mtu anaponunua kupitia mwongozo wake, na kamisheni ni asilimia ya bei. Kwa hivyo fimbo ya kaboni ya mamia ya dola hukaa juu, na fimbo ya faibaglasi hutupwa chini kabisa na maneno mawili ya kuihurumia: ya watoto, ya kujifunzia, ya watu wanaopenda mambo ya zamani. Mara kumi na moja nimeandika hivyo. Huu mwongozo wa kumi na mbili nauandika kwa Kiswahili na kwa jina langu, na nimeshika fimbo. Faibaglasi ndiyo inayofaa mito yetu, na anayekwambia uanze na kaboni ya bei ghali ama hajafika mtoni, ama anakuuzia.

Wacha nianze na jambo ambalo miongozo yangu yote ililiruka. Ukivua kwa ndoano na chambo cha kawaida, uzito wa risasi ndio unaovuta mshipi. Ukivua kwa nzi hakuna uzito pale mbele. Nzi hiyo ni manyoya na uzi tu vilivyofungwa kwenye ndoano ndogo, hata pumzi yako inaipeperusha. Kwa hivyo uzito umewekwa kwenye mshipi wenyewe, na fimbo ni springi. Mshipi unaipinda, inajikunjua, inarusha. Ukichagua fimbo unachagua springi. Swali ni moja: springi ya kurusha umbali gani?

Sasa panda Naro Moru, au Thego, au sehemu za juu za Sagana. Mto una upana wa hatua tano, sita. Juu yako kuna matawi, nyuma yako kuna kichaka, na trauti amejibanza nyuma ya jiwe mita sita kutoka ulipo. Mshipi wa namba 4 una karibu gramu 8 katika futi 30 za mwanzo. Hiyo ni kama vijiko viwili vya chai vya sukari. Lakini hapo mtoni hutatoa futi 30. Utatoa mita tatu au nne nje ya ncha ya fimbo, na uzito wake ni kama gramu 3. Kaboni kakamavu haihisi gramu 3. Inabaki imesimama wima kama askari wa lango, na wewe unatupa mkono kwa nguvu hadi nzi inanasa mtini. Faibaglasi ni laini, hupinda tangu ncha hadi karibu na mpini, na gramu hizo chache zinaitosha.

Si kwamba kaboni ni mbaya. Ni nyepesi mkononi, hurusha mbali, na upepo hauisumbui sana. Mtu anayevua kwenye ziwa la wazi au anayevua samaki wa baharini kwa nzi, anaihitaji. Faibaglasi ndefu ni nzito, inachosha bega, na upepo wa mchana huigaragaza. Ningekuwa naishi kando ya ziwa ningeandika makala nyingine. Lakini naishi chini ya Mlima Kenya, na tunauziwa springi ya ziwa kwa mto wa hatua tano.

Historia yenyewe si ngumu. Fimbo nzuri za zamani zilikuwa za mwanzi kutoka kusini mwa Uchina, zilizochongwa kwa mkono, na maskini hakuzigusa. Faibaglasi iliingia miaka ya 1940, na Marekani ilipoiwekea Uchina vikwazo vya biashara mwaka 1950 mwanzi ukaadimika. Kwa mara ya kwanza fundi wa kiwandani angeweza kununua fimbo nzuri kwa mshahara wake. Kisha miaka ya 1970 ikaja kaboni, na bei ikaanza kupanda tena. Leo kuna fimbo za kaboni zinazozidi dola 1,000. Faibaglasi haikufa, ilishushwa hadhi. Eagle Claw Featherlight, ile ya rangi ya manjano, imeuzwa kwa miaka na miaka kwa bei ambayo watu wa klabu wanaionea aibu.

Basi ukitaka kuchagua, chagua hivi.

Urefu, futi 7 hadi 7 na nusu. Ikizidi hapo itagongana na matawi, na uzito utaanza kukusumbua. Namba, kama ni fimbo moja tu maishani, chukua namba 4. Namba 3 ni tamu kwa samaki wadogo lakini upepo ukija utajuta. Hakikisha namba ya mshipi inalingana na ya fimbo, maana springi bila uzito wake haifanyi kazi.

Vipande: fimbo ya vipande viwili huwa nafuu, lakini kila kimoja ni kirefu kuliko mtoto wa nasari, na utasafiri nacho kwenye matatu. Ukipata ya vipande vinne kwa bei karibu na hiyo, chukua. Unganisha vipande, kisha itikise. Kiungio kikigonga tok tok, rudisha. Ifunge jicho moja uitazame kwa urefu kama fundi anavyotazama ubao. Pete za kupitishia mshipi zikae kwenye mstari mmoja. Pitisha kidole ndani ya kila pete, ukihisi mkwaruzo ujue mshipi utaliwa.

Ikiwa ni ya mitumba, na mimi nasema mitumba ni sawa kabisa, angalia madoa meupe kwenye mwili wake. Faibaglasi iliyoumia huonyesha weupe pale ilipoumia. Mwili ukiwa safi, umri si hoja.

Watakuimbia kuhusu herufi: hii ni faibaglasi ya S, ile ni ya E tu. S ni imara zaidi na nyepesi kidogo, ni kweli. E ni ile ya kawaida, ndugu wa faibaglasi ya boti. Kwa mto wa hatua tano, usilipie herufi.

Rili ni ya kuhifadhi mshipi. Trauti wa robo kilo hatakukimbiza hadi Karatina, kwa hivyo nunua rili ya bei ya chini inayozunguka bila kukwama. Pesa iliyobaki iweke kwenye mshipi mzuri. Mshipi mbaya kwenye fimbo nzuri ni hasara tupu. Miongozo yangu ilisema kinyume, kwa sababu rili ina kamisheni kubwa kuliko mshipi.

Na kata kibali. Ukiingia ndani ya mbuga ulipe kiingilio. Usiende peke yako msituni, tembo na nyati hawajali fimbo yako ni ya nini.

Nasikia wengine tayari wananung'unika. Eti rahisi ni ghali. Methali hiyo ni ya kweli kwa viatu na kwa simu. Kwa fimbo hii, hapana. Ukijikwaa kwenye mawe ya Thego na kaboni, ikipata mkwaruzo ambao hata huuoni, siku nyingine itakatika ukiwa na samaki. Faibaglasi hugongwa ikaendelea. Kwa mtu anayeteleza, na sote tunateleza, ya rahisi ndiyo inayodumu.

Wengine wanasema huu ni mchezo wa wazungu, tuachane nao. Hao ndio nataka tuongee vizuri.

Ni kweli, trauti si mwenyeji. Grogan, mlowezi yuleyule, aliagiza mayai yake kutoka Scotland, na mwaka 1905 samaki wakawekwa mto Gura, kule Aberdare. Kwa miongo mingi mtu mweusi kando ya mto huo alikuwa mbeba mkoba. Lakini chai pia ililetwa, na hakuna anayesema tuache kuinywa. Halafu kuna jambo ambalo hao wanaonung'unika hawalijui, ama wanalijua na wananyamaza. Nzi zinazouzwa madukani Uingereza na Marekani, nyingi zimefungwa Kenya. Wengi wa wanaozifunga ni wanawake.

Tata yangu ni mmoja wao. Dada mdogo wa mama. Amefunga nzi kwa miaka kumi na tisa, akilipwa kwa dazeni, kwenye karakana ambayo sitaitaja. Anaweza kufunga Adams akiwa anazungumza na wewe bila kuangalia vidole. Ana macho mabovu kwa sababu ya kazi hiyo. Na katika miaka hiyo kumi na tisa hakuwa ameona samaki akila nzi hata siku moja. Hakuna aliyemwonyesha. Hakukuwa na haja, kazi ni dazeni.

Jirani yetu ni mzee tunayemwita Guka. Zamani aliwaongoza wavuvi mlimani, na mmoja wao alipoondoka nchini akamwachia fimbo. Faibaglasi, rangi ya kahawia, futi 7, vipande viwili. Imekaa juu ya dari miaka mingi. Nilipomwambia naandika kuhusu fimbo, alinitazama kwa huruma. "Wewe huandika," akasema. "Kesho uje tuvue."

Nilikwenda naye mara nne ndipo nikaacha kunasa miti. Mara ya tano nikamwomba Tata aje. Alivaa gambuti na leso, akabeba nzi zake mwenyewe kwenye kopo la Blue Band. Guka akamfundisha kurusha bila kurudisha mshipi nyuma, ule mtindo wa kuuviringisha juu ya maji, ambao faibaglasi inaupenda. Kabla ya saa sita nzi yake ilikuwa inaelea vizuri kuliko yangu.

Trauti alipanda, akaigusa, akaiacha. Mimi nilipiga kelele. Tata hakusema kitu. Alivuta mshipi, akaishika nzi, akaigeuza.

"Manyoya ni mengi," akasema. "Inakaa juu sana. Sisi huambiwa tujaze."

Akachomoa manyoya kadhaa kwa meno, akarusha tena. Samaki wa pili hakuiacha. Alikuwa mdogo, urefu wa kiganja na kidogo, tukamrudisha majini. Tata alibaki ameinama pale, maji yanaingia gambuti.

Miaka kumi na tisa. Mtu aliyejua kasoro ya nzi kwa kuona samaki mara moja tu alinyimwa mto ulio kilomita chache kutoka kwake, kwa sababu kila aliyezungumza kuhusu mto huo alimwambia unahitaji klabu, gari, na fimbo ya bei ya ng'ombe. Mimi pia nilimwambia hivyo, mara kumi na moja, kwa lugha asiyoisoma.

Tukiwa njiani kurudi aliuliza fimbo kama ya Guka ni pesa ngapi ikiwa mpya. Nikamtajia. Akapiga hesabu kwa dazeni, midomo ikitembea, akasema ni karibu nusu mwezi wa kazi. Kisha akauliza ile ya kaboni inayokaa juu kwenye orodha zangu. Nikamtajia hiyo pia. Alianza kuhesabu dazeni, akafika mahali akaacha.

"Huo ni mwaka mzima," akasema, "na bila kula."

Jumatatu mteja alitaka mwongozo mwingine wa fimbo. Nilimtumia wenye faibaglasi namba moja na sababu zake zote. Ameurudisha, anasema nibadilishe mpangilio. Sijabadilisha, na sijalipwa. Tata ameanza kuweka akiba.