Waraka kwa Wanachama wa Shinyanga na Geita: Mionzi ya Mgonjwa Iandikwe

Ndugu wanachama wa thieta na wa chumba cha eksirei,

Sisi tunavaa beji za kupima mionzi, na Tume ya Nguvu za Atomu inazisoma. Mgonjwa hana beji. Mchimbaji aliyeangukiwa na kifusi duarani Nyarugusu, au kijana wa bodaboda wa Kahama, analazwa chini ya eksirei yenye mkono wa herufi C, paja linaungwa kwa chuma, na kiasi cha mionzi alichopokea kinabaki kwenye kioo cha mashine. Tukiizima bila kunakili, basi tena.

Kwa hiyo kabla ya kuzima, mtaalamu wa mionzi aandike kwenye rejesta: aina ya upasuaji, uzito wa mgonjwa, dakika za mionzi na jumla ya dozi. Na kizio, tafadhali! Mashine moja huhesabu kwa grei-sentimita za mraba, nyingine kwa maikrogrei-mita za mraba, na 100 za hii ya pili ni 1 tu ya ile ya kwanza. Tarakimu isiyo na kizio haitufai kitu.

Wakifika wagonjwa 30 hivi wa upasuaji wa aina moja, tupange dozi zao kuanzia ndogo hadi kubwa, tuchukue ya katikati. Mwongozo namba 135 wa Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi, wa mwaka 2017, unataka dozi hizo za katikati zikusanywe kutoka hospitali mbalimbali; pale zinapoishia dozi za robo tatu ya hospitali, ndipo penye kigezo cha kulinganishia. Tusiazime cha Ulaya. Huku wapo wanaofika wiki kadhaa baada ya kuvunjika, mfupa umeshaanza kuunga upande, na kuunyoosha hutaka mionzi zaidi.

Kigezo si ukomo. Nyonga iliyosagika itakivuka, na hakuna wa kulaumiwa. Ila hospitali inayokaa juu yake kila mara ijiulize: bomba la mionzi liko chini ya meza? Kipokea picha kimesogezwa karibu na mwili? Nani anakanyaga pedali huku macho hayako kwenye kioo? Madaktari wa mifupa mniwie radhi, lakini msumari wa kuungia mifupa wa SIGN ulibuniwa ufungwe bila eksirei, kwa kielekezi cha nje. Mnaoujua, msiache ujuzi huo kwa sababu mashine imefika.

Rejesta zianze Jumatatu. Nakala zisizo na majina ya wagonjwa zije kikao cha robo mwaka. Ambao mashine yao haionyeshi dozi, waandike dakika na idadi ya picha.