Mizani Kwanza, Kiwanda Baadaye

Asubuhi moja mjini Kasongo nilikaa kwenye kibao cha fundi wa simu, kijana ambaye karakana yake ni meza moja, mwavuli mmoja na bamba la sola lililofungwa kwa waya juu ya paa la jirani, nikamtazama akichomeka ncha mbili za testa yake yenye kioo kilichopasuka katika tumbo la simu, akisoma tarakimu, akitikisa kichwa, akipima tena, hata alipotosheka ndipo alipopasha moto chuma chake, akakigusisha na uzi wa lehemu, na tone la rangi ya fedha likaangukia mahali pake. Nilimwuliza lehemu ile imetoka wapi. "China, mzee," akajibu bila ya kuinua macho. Nikamweleza kwamba asili ya lehemu ni bati, na asili ya bati ni kasiteriti, yale mawe meusi mazito ambayo baba zake wadogo huyachimba na kuyaosha mtoni. Basi yamkini tone lile lilizaliwa hapa hapa Maniema, mashariki ya Kongo, likaondoka ndani ya gunia lenye tagi ya kuonyesha lilikotoka, likazunguka nusu ya dunia na kurudi kwao kama mgeni, naye akalinunua kwa bei ya mgeni. Alicheka sana. "Basi limerudi limesoma," akasema.

Neno lile limenikaa moyoni, kwa sababu siku hizi, tangu dunia ianze kuzungumza usiku na mchana juu ya chipu za kompyuta, huwasikia vijana wetu wa Kasongo na wa jirani zetu Kabambare wakitoa hoja ambayo kwa mbali inapendeza: madini ni yetu, chipu zimetengenezwa kwa madini, kwa hiyo kiwanda cha chipu nacho kingestahiki kuwa chetu. Siwalaumu. Lakini hoja hiyo ina ufa katika msingi wake, na ni afadhali ufa huo uonyeshwe na mtu wa nyumbani kabla haujaonyeshwa na mgeni mwenye kutucheka.

Chipu yenyewe haikutengenezwa kwa bati wala kwa koltani. Mwili wake ni silikoni, semikondakta, yaani maada ambayo huupitisha umeme ikitakiwa na kuuzuia ikitakiwa, na silikoni hutolewa katika mawe na mchanga wa kwatsi ulioenea karibu kila pembe ya ardhi. Madini yetu huingia kwa sehemu ndogo ndogo: bati huungia chipu na kibao chake, dhahabu, ya mgodi wetu wa Namoya au ya kwingineko, huvutwa ikawa uzi mwembamba kuliko unywele ili kuunganisha chipu na miguu yake, tantalamu, inayotoka katika koltani, hufanyiwa kapasita, tena hutandazwa kwa utando mwembamba mno ndani ya chipu ili shaba isipenye na kuiharibu silikoni. Kazi hizo ni za lazima, wala hakuna anayezidharau, lakini uzito wa madini hayo katika chipu moja hauonekani hata kwa macho, na anayelipwa kuliko mwenye mawe ni yule aliyejua kuisafisha silikoni hata ikabaki na uchafu wa chembe moja tu katika chembe mabilioni. Aliye na mawe ana mawe. Maarifa ni mali ya namna nyingine.

Kasongo ni mji uliokwisha kulipata somo hili mara moja, ijapokuwa aghalabu tunapousimulia twasimulia bunduki na tunasahau mizani. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, anayejulikana kwa jina la Tippu Tip, alipoufanya mji huu makao yake katika miaka ya 1870, rasilmali yake ilikuwa imetoka Unguja, kwa tajiri wa Kihindi Taria Topan, aliyemkopesha bidhaa kwa ahadi ya pembe zitakazorudi. Na mkopo wa namna hiyo, wa kungoja miaka kadhaa msafara usiojulikana kama utarejea, wafanana na mtaji ambao leo wenye mitaji wa California huutoa. Pembe zilichukuliwa mabegani mwa watu, wengi wao mateka, na damu ya biashara ile haifutiki kwa kumsifu mtu yeyote. Nisemalo mimi ni hili: pembe zilipofika pwani zilipimwa kwa frasila, na mizani ile haikuwa Kasongo. Aliyeipanga daraja ya pembe, akasema hii laini na hii ngumu, hii ya vitufe vya piano na hii ya vipini vya visu, alikuwa mbali na mji wetu. Aprili 1893 majeshi ya kamanda wa Kibelgiji Dhanis yalipouteka mji, lugha ya Kiswahili ilibaki, Uislamu ulibaki, mpunga ulibaki. Ujuzi wa kuzipima pembe na kuzipanga daraja haukubaki, kwa sababu haukuwahi kufika.

Sasa na tuwatazame walioanzisha kampuni za chipu, maana visa vyao husimuliwa kwetu kama ngano za mashujaa, na ngano huficha kazi. Mwaka 1956 William Shockley, mmoja wa watu watatu waliopata Tuzo ya Nobel mwaka huo huo kwa ajili ya transista, kile kiswichi kidogo cha umeme kinachoijenga chipu, alianzisha maabara yake huko California. Akakusanya vijana hodari, akawatawala kwa shuku na majivuno, na mwaka 1957 wanane kati yao wakamwacha kwa pamoja. Kijana wa benki aitwaye Arthur Rock aliwatafutia mfadhili, wakapata fedha kwa Sherman Fairchild, wakaanzisha Fairchild Semiconductor. Magazeti hupenda sana kisa cha kumwacha bwana mkubwa. Mimi napenda kilichofuata: mwaka 1958 walipata oda yao ya kwanza kutoka kampuni ya IBM, transista 100 kwa dola 150 kila moja. Transista mia moja! Zingeenea mfukoni. Lakini kila moja ilipaswa kustahimili joto na kasi zilizoandikwa katika mkataba, na muuzaji asiyekuwa na chombo cha kupimia angeuza uwongo bila ya kujua kuwa anadanganya.

Na katika sanaa hii kupima ndiko kunakotenga faida na kufilisika. Chipu hazitengenezwi moja moja. Huchorwa kwa mamia juu ya kisahani kimoja cha silikoni, kisha kila moja huguswa kwa sindano na kujaribiwa, iliyokufa hutupwa. Mtu aweza kutengeneza mia, zikaishi kumi. Hiyo ndiyo iliyokuwa hali ya wengi mwanzoni. Gharama ya kisahani ni ile ile, zikiishi kumi au tisini. Wale waliohesabu maiti zao kwa uaminifu, wakauliza hii imeuawa na vumbi gani na ile na joto gani, ndio waliodumu. Wawili kati ya wale wanane, Robert Noyce na Gordon Moore, wakatoka tena mwaka 1968 na kuanzisha Intel wakiwa na hesabu hizo vichwani.

Taiwani nayo haikuanza kwa kiwanda. Mwaka 1976 taasisi yake ya utafiti iliwapeleka wahandisi Marekani, katika kampuni ya RCA, wakajifunze kama wanagenzi, na miaka 11 ikapita kabla Morris Chang, mtu mwenye miaka 55 aliyekwisha kufanya kazi robo karne katika kampuni ya Texas Instruments, hajaanzisha kampuni ya TSMC mwaka 1987, kwa fedha za serikali na za kampuni ya Philips, akiwa na shauri moja tu: kutengeneza chipu zilizobuniwa na wengine. Karibu na Cambridge, Uingereza, kampuni ya ARM ilianza mwaka 1990 na wahandisi 12 ndani ya ghala la shambani, haikutengeneza chipu hata moja, iliuza michoro. Kila mmoja alichagua kijisehemu kimoja akakishika.

Na tusidhani mambo haya ni ya ng'ambo tu. Nyeri, nchini Kenya, Anthony Githinji ameanzisha kampuni ya Semiconductor Technologies Limited ndani ya Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi. Ilizinduliwa mwaka 2021, na kukaa ndani ya chuo nakuona kuwa shauri la busara, kwani vijana wanaosoma wapo ukumbi wa pili. Nasi wa Kongo tuna kampuni yenye herufi zile zile, STL, ila hii ni ya Lubumbashi na ni mali ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Kwa miongo mingi madini ya mgodi wa Kipushi yaliyeyushwa pale kwa ajili ya shaba, na taka zake zikarundikwa hata zikawa mlima mweusi kando ya lile dohani kubwa ambalo kila mtoto wa Lubumbashi hulichora shuleni. Ndani ya taka hizo mlikuwa na jerimani, maada ile ile iliyotumiwa mwaka 1947 kutengenezea transista ya kwanza ya dunia. Jerimani ilikaa humo, mvua ikaunyeshea mlima, watu wakaupiga picha. Oktoba 2024 ndipo shehena ya kwanza ya makinikia ya jerimani iliyotolewa humo ilipopelekwa kwa kampuni ya Umicore ya Ubelgiji. Watu wa STL hawakugundua mgodi mpya. Waliipima taka.

Nirejee nyumbani, kwenye machimbo ya Kabambare. Mchimbaji hutoka na gunia lake, mnunuzi wa kati hulitia mkono, huchukua punje kiganjani, huzitazama juani, huzilamba pengine, kisha husema: hii ni ya asilimia kadhaa. Asilimia hiyo ndiyo bei, na imetamkwa na mnunuzi. Mchimbaji akikataa, atakwenda kwa mnunuzi mwingine mwenye kiganja kama kile. Huko mjini kwenye nyumba za kusafirisha madini kiko chombo cha mionzi, kifananacho na bunduki ndogo, ambacho kwa dakika chache huonyesha kiasi cha bati au cha tantalamu kilichomo, lakini gunia linapofika mbele ya chombo hicho limekwisha kubadilisha mwenyewe. Sasa mtu asiyejua gunia lake lina nini atawezaje kuketi mezani na kuzungumzia kiwanda?

Wala tusijidanganye juu ya umeme ambao kiwanda cha chipu huutaka. Machi 2018 umeme ulikatika kwa kadiri ya nusu saa katika kiwanda cha Samsung huko Pyeongtaek, Korea Kusini, na maelfu ya visahani vikaharibika. Sisi wa Kasongo tunaohesabu saa za jenereta hatuna haja ya kufafanuliwa zaidi. Chombo cha kupimia madini, kinyume chake, chaweza kulishwa na bamba la sola.

Shauri langu, basi, ni dogo, na najua litawaudhi wapenda makubwa. Zianzishwe nyumba za kupimia madini, moja Kasongo na moja Kabambare, chini ya vyama vya ushirika vya wachimbaji, kila moja yenye mizani ya haki, chombo cha mionzi, na daftari lililo wazi kwa kila mtu. Na ndani yake wawekwe vijana wanane au kumi waliomaliza shule, wanagenzi wa kupima, kusafisha na kutengeneza vyombo vyenyewe vinapoharibika. Fedha? Sheria ya madini ya mwaka 2018 imegawa mrabaha: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa utawala wa mahali penye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Ni kweli kwamba Namoya, ambako kampuni ya Banro ilitangaza kuanza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016, ilisimamisha kazi mwaka 2019 kwa sababu ya usalama, na mgodi ukilala haulipi mrabaha. Lakini ushuru wa magunia hukusanywa kila wiki njiani, na kila dereva wa pikipiki anajua vizuizi ni vingapi.

Watu wataniambia kwamba nyumba ya kupimia si tekinolojia ya hali ya juu. Nami nawaambia wakamwulize fundi wangu, ambaye hagusi simu ya mtu kabla ya kuipima. Nawasihi wenyeviti wa vyama vya ushirika na wakuu wa masekta wa Kasongo na Kabambare waitishe kikao kimoja kabla ya bajeti ya mwaka ujao, na katika kikao hicho wajadili jambo moja tu: bei ya chombo cha kupimia, na nani atakayeshika ufunguo wa nyumba yake.